Bibi wa Jiwe la Kijani

Semeni "twende", nami nitawapeleka Mtambwe.

Huko binti mmoja, Mize, alirithi kwa nyanya yake sanamu ya jiwe la kijani kutoka China: bibi wa mbinguni wa Kibudha, anayeruka na utepe mrefu. Liwali akaitamani. Akatangaza kwamba atakayejibiwa na jiwe ndiye mwenye sanamu.

Akaanza yeye. "Mimi ndiye Liwali. Sema." Jiwe kimya.

Akaja mwanachuoni wake, akaongea Kichina alichokitunga njiani. Jiwe kimya.

"Zamu yako, binti," Liwali akacheka. "Au umeshakata tamaa?"

Mize akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

Utepe ukatikisika. "Marahaba, mjukuu wangu. Nina miaka mia saba, na hawa wananisemesha kama mtoto mwenzao."

Liwali akaruka kitini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mmesikia? Nami nimejibiwa."

"Umejibiwa," jiwe likasema, "kwa hiyo u mjukuu, na mjukuu hutumwa. Nibebe unipeleke nyumbani kwa Mize. Taratibu, mgongo unauma."

Mbele ya mji mzima, nani angemkatalia bibi aliyekwisha kumwamkia? Liwali akabeba.

Nami nimemaliza. Anayebisha akabishane na jiwe.