Saa Iliyobaki Katika Kalibu

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi, kompyuta ilipokuwa ndiyo kwanza inapanda milimani, palikuwa na chama cha kuzikana katika kijiji cha Kwemhangalo. Kila mwanachama alikuwa na mkeka wake, umeviringishwa na kutundikwa darini katika nyumba ya chama. Akifa, mkeka hutandikwa, akalazwa juu yake, akaagwa. Akifukuzwa, mkeka hushushwa, akakabidhiwa mkononi, akaenda nao kwake. Siku yake ikifika, chama hakimjui. Na maiti hatafuti wachimbaji.

Katibu wa chama alikuwa Hoza mwana wa Shekiango. Si Hoza fundi viatu. Huyo ni wa Shemboza, na hamo katika habari hii.

Kazi ya Hoza ilikuwa karatasi ya tanzia. Watu wa mlima ule hawaendi mazikoni kwa uvumi. Hungoja karatasi ya chama isomwe, msikitini au kanisani. Karatasi hutaja jina la marehemu, jina la baba yake, ukoo wake, mahali pa kaburi na saa ya maziko. Mwanzoni Hoza alikuwa akiichukua karatasi ya marehemu aliyetangulia, akafuta, akaandika upya. Siku moja akasahau kufuta jina la baba. Marehemu akasomwa msikitini kuwa mtoto wa baba asiye wake, na koo mbili zikakaribia kushikana mashati kaburini.

Ndipo Hoza akatengeneza kiolezo. Akawaita wasaidizi wake wawili mbele ya kompyuta. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Eliasafi Kaoneka, mstaafu, aliyemfundisha Hoza kusoma. Wa pili alikuwa Nasemba binti Shechambo, mpiga chapa.

"Hii ni kama kalibu ya matofali," akasema. "Bonyezeni hapa, inatoka karatasi mpya. Jazeni palipo wazi, hifadhini hiyo karatasi. Kalibu yenyewe msiifungue. Na kilichokwisha kuandikwa msikiguse."

Majina aliyaachia nafasi. Saa hakuiachia. Aliiandika mwenyewe, saa nane mchana, kwa kuwa Kwemhangalo huzika saa nane tangu enzi, ukungu usije ukawakuta watu njiani.

"Umeelewa, Mwalimu?"

"Mwanangu, mimi nilikufundisha alifu na wewe unaniuliza kama nimeelewa?"

Nasemba akacheka. Hoza naye akacheka. Alijua namna ya kuifunga kalibu kwa neno la siri, lakini aliona haya. Utamfungiaje mlango mtu aliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza? Akaiacha wazi.

Ikapita miezi. Akafa mzee wa ukoo wa akina Shekumkai, na binti yake alikuwa mbali. Wafiwa wakamwendea Mwalimu Eliasafi, Hoza akiwa shambani. "Mwalimu, tumsubiri mtoto. Tuzike saa kumi." Mwalimu akaona huruma. Akafungua kompyuta, akafungua kalibu yenyewe, akafuta saa nane, akaandika saa kumi, akahifadhi. Kisha akatoa karatasi, akaijaza, akaipeleka. Binti akawahi kumzika baba yake. Mwalimu akabarikiwa, akaenda zake.

Karatasi ilikwenda. Saa kumi ikabaki ndani ya kalibu.

Halafu akafa Bi Mwantumu binti Kilua. Nasemba akabonyeza, karatasi mpya ikatoka. Akajaza jina, akajaza baba, akajaza ukoo na kaburi. Akaiona saa kumi. Akanyamaza. Akachapa, akapeleka.

Mwana wa pekee wa Bi Mwantumu, Kibwana, alisomewa karatasi hiyo kule bondeni, akapewa nakala. Akapanda mlima na shangazi yake, bibi wa miguu mizito. Kila penye kivuli akasema, "Pumzika, shangazi, saa kumi ni mbali."

Na juu, saa nane, jeneza lilikuwa limefika kaburini, kwa kuwa watu wa kijijini walisikiliza jina tu; saa waliijua tangu enzi. Mtu akauliza, "Kibwana je?" Hoza mwenyewe ndiye aliyejibu: "Karatasi alipata. Saa ni saa."

Huko mwana ndiye anayempokea mama yake kaburini. Hapokelewi na mwingine mwana akiwepo. Kibwana alifika saa tisa. Alikuta watu wanakung'uta majembe.

Hakulia. Alisimama mbele ya mwenyekiti, Bi Tumsifu Shemnkande, akatoa karatasi yake mfukoni, akaomba mkutano uitwe. Mkutano ukakaa katika nyumba ya chama, chini ya mikeka, ikaelezwa jinsi saa ile ilivyopita mikononi mwa watu watatu.

"Sitaki kuombwa radhi," Kibwana akasema. "Nataka mkeka mmoja ushushwe. Kosa la watu watatu halina mwenyewe. Nipeni mmoja."

Mwalimu Eliasafi akasimama. "Mimi niliigusa kalibu. Lakini niliigusa ili mtoto amzike mzazi wake. Na mlango uliokatazwa hufungwa. Kwa nini ulikuwa wazi?"

Nasemba akasimama. "Mimi niliona, mama mwenyekiti. Sisemi sikuona. Lakini niliambiwa kilichoandikwa nisikiguse. Nikadhani wakubwa wamebadilisha."

"Na mdomo nao uliambiwa usiuguse?" mtu akadakia kutoka nyuma. Watu wakaguna. Nasemba akainama.

Hoza akabaki. Aliangalia darini. Mkeka wake ulikuwa kati ya mkeka wa mkewe na ule wa mama yake mzazi, aliyekuwa mgonjwa wakati ule. Akafikiri juu ya saa aliyoikaza mwenyewe, na neno la siri alilolionea haya, na jibu alilolitoa kaburini bila kuitazama karatasi.

"Mimi nilitengeneza kitu kizuri," akasema. "Bila kalibu ile mngekuwa bado mnazika watoto wa baba wasio wao. Sikuibadilisha. Wala sikuiona ikibadilika." Akavuta benchi. "Lakini nimechoka kusimama hapa."

Akapanda juu ya benchi, akanyoosha mkono, akaushika mkeka wake.

"Uache," Kibwana akasema. "Shuka, katibu. Sikuja kutafuta mtu wa kujitolea. Mama yangu hakupokelewa na mtu wake. Nataka mwenye kosa."

Hoza akabaki juu ya benchi, mkono uko kwenye kamba, hashuki wala hafungui. Bi Tumsifu akawageukia wanachama, mmoja baada ya mmoja, na hakuna aliyeinua macho.

Basi nanyi mlioketi hapa mnazo saa zenu, mnao na wazazi wenu. Mmoja aliitengeneza akaiacha wazi, mmoja aliibadilisha kwa huruma, mmoja aliona akanyamaza. Je, ushushwe mkeka wa nani?