Kinyozi na Mteja Aliyeikosoa Filamu

Wapendwa, acheni niwape mfano. Akina mama mnaobembeleza watoto, endeleeni, mtanisikia tu.

Palikuwa na kinyozi mmoja katika mji wa milimani, mji wa baridi na migomba kama huu wetu. Saluni yake ilikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, benchi refu la wanaosubiri, na televisheni juu ya kabati. Na kinyozi huyu alikuwa na filamu yake aipendayo. Filamu ya zamani ya majambazi, ya tangu enzi za picha zisizo na rangi, iliyotiwa sauti ya Kiswahili na mmoja wa wale watafsiri wetu wenye maneno mengi. Kila Jumamosi mchana aliiweka, na watu walijaa. Wengine walikuwa wamenyoa juzi tu. Walikuja kwa ajili ya filamu, na zaidi ya filamu, walikuja kubishana.

Mnawajua watu wa namna hiyo? Wengine wamo humu ndani, naona mnatabasamu.

Filamu yenyewe inamhusu mkuu wa genge. Alizaliwa maskini, akainuka kwa bunduki, akatawala mji mzima. Anavaa vizuri, haongei sana, anamheshimu mama yake. Mwishoni anasalitiwa na shemeji yake, anakufa. Basi Jumamosi moja ubishi ulikuwa umepamba moto.

Fundi wa pikipiki alisema, "Kosa lake ni moja tu. Alitakiwa ammalize yule shemeji mapema."

"Hapana," akasema mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwenye heshima zake, mzee wa kanisa. "Wewe unatazama risasi. Mimi namtazama mtu. Yule mkuu alikuwa na msimamo. Akisema neno, amesema. Alilisha familia za watu. Jambazi, sawa, lakini ana utu kuliko viongozi wengi."

Kinyozi alikuwa anamnyoa ndevu mteja mmoja mgeni, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo, akiitazama televisheni humo humo. "Filamu za siku hizi ni kelele tupu," akasema. "Hii hapa mtu akikaa kimya, unaogopa. Mimi ningekutana na mtu kama yule, ningemnyoa bure maisha yangu yote."

Wakacheka. Kisha ikafika sehemu waliyoipenda mno. Mkuu, wakati bado kijana, anaingia dukani na bastola. Muuza duka anatetemeka, anainua mikono, miwani inamwanguka, anapigwa risasi. Fundi alisimama akaigiza yule muuza duka anavyotetemeka, magoti yakigongana, na benchi zima likavunjika mbavu.

Yule mgeni kitini hakucheka. Kinyozi akaliona hilo kwenye kioo.

"Kaka, wewe hujaipenda?"

"Imetengenezwa vizuri," akasema mgeni. "Ila hapo inadanganya."

"Inadanganya wapi?"

"Hapo hapo. Muuza duka ameanguka, unapigwa muziki, halafu tunaonyeshwa yule kijana mezani, anakula na wenzake. Haiwi hivyo. Hawezi kula. Anaweka chakula mdomoni hakishuki."

Mwalimu akageuka. "Umejuaje wewe?"

Nadhani mgeni angeweza kusema amesikia kwa watu, mambo yakaisha. Lakini alikuwa amechoka kuficha. Akasema, "Nilikuwa hivyo. Niliingia dukani kwa watu na bunduki, na kijana aliyekuwa kaunta nikamuua. Nimefungwa miaka mingi, nimetoka mwezi huu. Mama yake yule kijana anakaa hapa mjini kwenu, kule karibu na kiwanda cha chai. Nakwenda kwake leo. Ndiyo maana nimekuja kunyoa, nisiende kwa mama wa watu nikiwa kama mnyama."

Wapendwa, wembe ulikuwa bado shingoni mwake.

Sasa nawauliza. Watu hawa wametoka kusema nini muda huu huu? Mmoja kasema jambazi ana utu. Mwingine kasema angemnyoa bure maisha yake yote. Huyu hapa sasa, amekaa kitini kwao, mwenye damu ya kweli na machozi ya kweli. Unadhani walimkumbatia?

Kinyozi aliondoa wembe. Akaivuta ile shuka shingoni mwa mgeni. "Toka."

"Kaka, umebakiza upande mmoja."

"Nimesema toka. Sinyoi wauaji mimi."

Fundi, yule aliyekuwa akiigiza marehemu anavyotetemeka, alimshika mgeni mkono akamwinua. Na mwalimu? Mwalimu aliufungua mlango, akaushikilia wazi, akatazama pembeni mpaka mgeni alipopita. Kisha kinyozi akamwaga maji yaliyokuwa kwenye beseni, akachukua rimoti, akaongeza sauti. Walikuwa wamekosa kipande kizuri, wakakirudisha nyuma.

Mgeni akaenda hivyo hivyo, shavu moja limenyolewa, jingine lina ndevu na povu lililokauka. Njiani watoto wakamcheka. Mara mbili alisimama, akageuka kurudi stendi. Lakini akafika.

Akamkuta mama mmoja mtu mzima uani, anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mbona uso wako uko hivyo?"

Mgeni alipiga magoti pale pale penye maganda, akasema yeye ni nani.

Mama hakupiga kelele. Kisu kilibaki mkononi mwake, na mkono ukabaki hewani. Halafu akauliza swali ambalo mgeni hakulitegemea.

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mahakamani walizungumzia bunduki, wakazungumzia gari. Hakuna aliyeniambia mwanangu alisema nini. Alisema nini?"

"Alisema, 'Kaka, chukua vyote. Nina mama nyumbani.'"

Hapo mama akalia. Alilia kilio ambacho alikuwa hajakilia hata siku ya mazishi. Na yule aliyemuua mwanawe akalia pale chini, kila mtu kwa upande wake, hakuna aliyemgusa mwenzake.

Baadaye mama akafuta uso kwa kanga. "Aliitwa Ambakisye," akasema.

"Nalijua jina lake, mama. Kila nikiomba nalitaja."

"Nisikilize. Sijakusamehe. Usiende ukawaambia watu kwamba nimekusamehe, maana si kweli. Sijui kama nitaweza." Akamwonyesha kigoda. "Lakini usipige magoti kwenye maganda. Vuta kigoda kile, ukae. Uniambie tena alivyosema. Polepole."

Akavuta kigoda, akakaa.

Mtaniuliza, Mchungaji, alimsamehe mwishowe? Sijui. Mfano wangu unaishia kwenye kigoda. Yule mama ana safari yake na Mungu wake, na mtu yeyote asimharakishe. Ninachokijua ni kwamba katika mji ule wote, mtu aliyekuwa na haki ya kumfukuza ni mmoja, na huyo ndiye aliyempa pa kukaa.

Mimi shida yangu ni lile benchi la saluni. Kwa sababu lile benchi ni letu.

Sisi tunaipenda dhambi ikiwa mbali, ikiwa imevaa suti na kupigiwa muziki. Tunaijadili. Tunaipa alama. Tunacheka muuza duka akitetemeka, na hatujiulizi kama ana mama. Lakini dhambi hiyo hiyo ikitubu, ikaja kwetu na uso uliochoka, haina muziki, ina harufu ya gereza na inaomba kiti tu, hapo ndipo tunapokumbuka kuwa sisi ni watakatifu. Jambazi asiyetubu tumemkaribisha sebuleni kwetu kila Jumamosi. Aliyetubu tumemfungulia mlango atoke. Tutamweleza nini Mungu, sisi wenye imani iliyojengwa yote juu ya kusamehewa?

Namalizia.

Leo tangu ibada ianze, humu ndani kuna benchi lililobaki na mtu mmoja. Msigeuke kumtazama. Mnalijua benchi lenyewe, maana baadhi yenu mlikuwa mmekaa pale, akaingia, mkahama. Mmesikia ametoka wapi. Mimi pia nimesikia, kwa sababu alikuja mwenyewe nyumbani kwangu wiki hii kuniuliza kama anaruhusiwa kuabudu. Hebu fikirini, mtu anaomba ruhusa ya kuingia kanisani! Nikamwambia aje, watu wangu watampokea.

Nilisema hivyo. Watu wangu watampokea.

Sasa tutasimama tuimbe. Wimbo ukiisha, kila mmoja atakaa atakapopenda. Mimi sirudi kwenye kiti changu hapa mbele, nakwenda kukaa kule nyuma. Benchi ni refu, wapendwa. Nafasi bado ipo.