Sahani ya Bibi Zuwena na Jini wa Mizani

Alikuwako, na Mungu ndiye ajuaye zaidi, Sultani mmoja jina lake Shahabu bin Nadhiri, mwenye enzi katika mji wa Nurabadi, mji wa minara myeupe na masoko yenye kelele, na Sultani huyo alipenda elimu kama wengine wapendavyo halua. Na elimu aliyoipenda kupita zote ni ile ya kujua mali hutoka wapi na huenda wapi, na kwa nini huyu anashiba na yule analala njaa.

Hapo mwanzo wanazuoni wa elimu hiyo walikuwa wengi barazani pake. Mmoja alisema mali yote asili yake ni ardhi, na mwingine akasema la, asili yake ni jasho la mwenye kufanya kazi, na Sheikh Haidari, mwenye kilemba kikubwa kuliko kichwa, akasema mambo yote ni mizani, kila kitu kina bei yake, na bei hujitafuta yenyewe, na kisicho na bei si kitu. Walibishana mpaka kahawa ikapoa na wapambe wakasinzia. Sultani akachoka, akampa Sheikh Haidari kiti cha elimu, na wengine wote akawafungia mlango. Nami simsemi vibaya Sheikh, maskini ya Mungu, alikuwa mtu mwema na mpole hata kwa paka, ila alikuwa na jawabu moja kwa maswali yote.

Wa mwisho kufukuzwa alikuwa mwanazuoni kijana, Kifli bin Hilali, na kosa lake ni kuuliza mbele ya watu, "Ewe Sheikh, na ile sahani ya futari anayompelekea mama yangu jirani yake, bei yake ni nini?" Baraza zima likaangua kicheko, na Sheikh akasema, "Hayo ni mambo ya jikoni, mwanangu, hayaingii katika elimu." Lakini nyuma ya pazia Bibi Zuwena, binti pekee wa Sultani, hakucheka. Tangu siku ile akawa akimtuma kijakazi kwa Kifli na maswali, na majibu yakirudi yana harufu ya asumini, na wewe msikilizaji si mtoto, unajua mambo hayo huishia wapi.

Basi ikaja kiangazi kikali, na mashamba yakakauka, na watu wa Nurabadi wakaanza kuchemsha majani. Sultani akatia mkono hazinani akatoa pete ya babu yake, akaisugua, na mara akatokea jini jina lake Karmadani, kichwa kinagusa dari, na begani amechukua mizani ya shaba.

"Labeka," akasema jini. "Taka utakacho, ila jua kuwa mimi ni jini wa mizani. Nitoacho hulipwa sawa kwa sawa, siku hesabu itakapofungwa."

Sultani akamtazama Sheikh Haidari, na Sheikh akatikisa kilemba akasema, "Akubali tu Maulana. Bei itajitafuta." Na Sultani, hata kuuliza hakuuliza, akasema, "Leta chakula!" Jamani! Mtu hununua hata kitambi cha nguo bila kuuliza bei?

Jini akaleta mchele na tende na samli, na mji ukala mpaka mvua ziliporudi. Ndipo akaja barazani akasema, "Ewe Sultani, leo hesabu imefungwa. Nilichokupa si mchele, nilikupa uhai wa watu wako, na uhai hulipwa kwa uhai. Kesho baada ya sala ya alasiri nitamchukua binti yako mpaka nyuma ya mlima Kafu, mwisho wa dunia, na huko atakaa daima."

Sultani akaanguka kitini. Sheikh Haidari akavua kilemba chake mwenyewe, akakiweka chini, akalia akisema, "Maulana, nilikwambia bei itajitafuta, nayo imejitafuta, na imempata mtoto."

Wakaitwa wanazuoni waliofukuzwa watafute cha kulipia badala ya binti, wakaja mbio bila kinyongo. Wa ardhi akatia kwenye mizani ya jini udongo wa shamba bora, na kitanga kikashuka kidogo. Wa jasho akatia kanzu za wachukuzi zilizolowa kazi, nacho kikashuka zaidi, watu wakashangilia. Lakini kwenye kitanga cha pili hakukuwa na kitu ila pumzi ya jini, na pumzi hiyo ikavishinda vyote viwili, na kwa kweli ikayashinda na majohari ya hazina nzima.

Huku nyuma Bibi Zuwena akamwita Kifli karibu na pazia. "Kifli," akasema, "nitapelekwa kesho, basi nijibu leo. Sahani ya mama yako ina bei gani?"

"Haina bei, bibi yangu," akasema Kifli. "Jirani hairudishi tupu. Akitia mbaazi, mama atatia maandazi, na hakuna ajuaye nani anamdai nani. Hesabu ile haifungwi, nayo ndiyo iliyotulea sisi sote mtaani."

Bibi Zuwena akacheka kicheko cha mtu aliyeona mlango. "Haifungwi! Haya, nitafutie chungu cha unga."

Asubuhi akaingia jikoni, mtoto wa Sultani ambaye hajapata kushika upawa, na vitumbua vya kwanza vikaungua, na vya pili vikapasuka, na vya mwisho vikatoka vizuri kidogo, usiulize sana. Alasiri ilipokwisha akatokea barazani amevaa kanga kama mwenye kwenda kwa jirani, ameshika sahani ya kauri yenye ua la buluu, akamfikia jini aliyekuwa akimngoja.

"Karibu mtaani, jirani," akasema. "Tangu uje hakuna aliyekuuliza umekula nini. Tuwie radhi."

Jini tangu kuumbwa hajapata kukaribishwa na mtu. Akakaa chini akala, akala vyote, akalamba vidole, halafu akashtuka, akashika mizani. "Kiasi gani?"

"Toba! Nimekuuzia?"

Jini akaijaza sahani dhahabu uzito ule ule, akamrudishia papo hapo. Bibi Zuwena akakunja uso. "Ah, ndugu yangu, unanilipa? Nimekukosea nini hata unitukane mbele ya watu?" Jini akaimwaga dhahabu, akanyoosha sahani tupu, na wanawake wote madirishani wakapiga yowe, "Yuuu! Anarudisha sahani tupu! Hana mama huyu?" Na jini yule mkubwa akaona haya, akaificha sahani nyuma ya mgongo.

"Sasa nifanyeje?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kaa nayo," akasema Bibi Zuwena. "Siku ukijaaliwa kitu, utatuletea."

Jini akatazama mizani yake, na ulimi wa mizani ukawa unayumba huku na huku, haujui usimame wapi. "Lakini sasa nami nadaiwa nisichoweza kukipima, basi hesabu yetu imefunguka," akasema, "na hesabu iliyo wazi siwezi kuidai."

"Ndiyo," akasema Bibi Zuwena. "Pole, jirani."

Sultani akamkumbatia binti yake akalia kwa furaha, akamwoza Kifli, akampa bustani na mali ya kuwatosha. Mlango wa baraza ukafunguliwa kwa wanazuoni wote, na wa kwanza kuwakaribisha alikuwa Sheikh Haidari, kichwa wazi, akimwomba Kifli amfundishe mambo ya jikoni.

Na siku ya harusi, watu wakila, ikasikika hodi. Karmadani alikuwa mlangoni, ameinama ili asivunje kizingiti cha juu, na ile sahani imejaa makomamanga ya mlima Kafu. Sultani, mwenye hofu bado, akamwambia, "Ewe jini, ukitaka tuifunge hesabu hii leo, uende zako huru, sema utakacho."

Jini akamtazama Bibi Zuwena, akaitazama sahani, machozi yakamlengalenga. "Maulana, usinifungie," akasema. "Nikienda zangu, nani ataniuliza kama nimekula?"

Wakamsogezea mkeka akakaa. Na mafunzo yake ndiyo hayo: mwenye mizani apime, na mwenye jembe alime, lakini usimfukuze anayeuliza habari za sahani. Nami nimekula harusini hapo nikashiba, na ya kwangu sijairudisha mpaka leo.