Ubao wa Mwalimu Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakioa na kusengenyana kama sisi, palikuwa na kijiji chenye shule mbili. Moja ilikuwa ya Mwalimu Nyati, yenye paa jipya. Nyingine ya Mwalimu Kobe, ya udongo. Wewe wa nyuma, acha kusukumana, usikilize.

Matokeo ya mtihani yakatoka. Nyati akayaandika kwenye ubao, akausimamisha njia panda wazazi waone. Kwake wamefaulu wote. Kwa Kobe, nusu wameanguka.

"Ya Kobe ifungwe!" wazazi wakasema. Mzee Tembo, mkuu wa kijiji, akakubali. Itafungwa siku ya mkutano.

Habari hiyo ilimuuma sana Mama Nguchiro. Mwanawe Kitutu alianza kwa Nyati. Mtihani ulipokaribia, Nyati akamwambia, "Wewe mzito, kapumzike nyumbani." Wazito wote waliambiwa hivyo, na wote walipokewa na Kobe. Sasa shule ikifungwa, Kitutu atasoma wapi?

Nguchiro hakulia. Pyuu! Mbio hadi kwa Nyati.

"Shikamoo Mwalimu. Hongera."

"Marahaba. Umeuona ubao?"

"Nani hajauona! Ila Mwalimu, hujasikia? Mzee Tembo kavuna miwa. Ati mwalimu atapewa mzigo kwa kila mtoto aliyemfundisha."

Nyati akameza mate. "Hata wa zamani?"

"Hata wa zamani. Lakini Kobe anasema wale wazito ni wake."

"Ebo! Wake tangu lini?"

Siku ya mkutano, pale pale njia panda penye ubao, Nyati alifika wa kwanza, puu! puu! vumbi juu.

"Mzee Tembo, kabla ya yote! Mtoto wa Punda, wa Ngiri, wa Nguchiro, wote hao ni wangu! Nimewafundisha tangu darasa la kwanza. Kobe kawapata juzi tu!"

"Wako kweli, Mwalimu?" Nguchiro akauliza.

"Naapa kwa pembe zangu!"

"Haya, wazazi, mmesikia. Hao ndio walioanguka. Wale aliowalea Kobe tangu mwanzo wamefaulu wote. Mzee, naomba chaki, tuwaandike hawa kwenye ubao wa mwenyewe."

Nyati akababaika. "Ngoja... hao... hao nilishawaondoa."

"Uliwaondoa?" Mama Punda akasimama, mikono kiunoni. "Mimi uliniambia mwanangu akapumzike!"

"Na mimi pia!" akadakia Baba Ngiri.

Nyati akamgeukia Tembo, sauti imekwisha. "Sasa, Mzee, na miwa je?"

"Miwa gani?"

Wazazi waliangua kicheko, kwa kwa kwa! Tembo akanyoosha mkonga, akaufuta ubao wote. Shule ya Kobe haikufungwa. Kesho yake Kitutu alikuwa darasani, hesabu bado zinamshinda, lakini yumo.

Basi ukitaka kuijua shule, usihesabu waliofaulu tu. Uliza na waliofukuzwa wako wapi.