Waliobomoa Ndiva

Sogeeni, na mwenye karanga azitafune polepole. Hadithi hii ina mlango wa kuingilia; wa kutokea mtautoboa wenyewe.

Huko Kwamrindi, milimani Upare, walikuwapo watu wanne, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Kajiru alipewa mikono. Kijiji kilikuwa na ndiva, lile bwawa la mawe na udongo linalokusanya maji ya mlimani ili yagawiwe mashambani kwa zamu. Tundu lake la kufungulia hakuna aliyeweza kuliziba kama Kajiru. Gogo, magome ya mgomba, udongo wa mfinyanzi, basi. Hata sisimizi hapenyi.

Nakijwa alipewa masikio. Maji yakipotea njia chini ya ardhi, yeye aliye juu anayasikia. Mambo ya watu nayo aliyasikia, hata yaliyosemwa mlango umefungwa, lakini hayo tuyaache.

Mrindoko alipewa kifua. Akipuliza pembe ya kijiji, ng'ombe wa ng'ambo ya bonde wanainua vichwa. Pembe ile ilipigwa kwa mambo mawili tu: msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, na balaa.

Na Namsifu, mjane, alipewa chungu. Siku ya msaragambo makande yake ndiyo yaliyowatoa wavivu kitandani. Mumewe alipofariki, alifyatua matofali kwa mikono yake miaka saba, akajenga vyumba viwili chini ya ndiva, akaezeka bati jekundu. Jekundu! Wenye midomo walisema wee, kwamba bati lile lina mwenyewe. Waongo wakubwa. Bati lilitoka kwenye makande aliyouza gulioni, sahani kwa sahani.

Sasa sikieni. Jumapili moja Namsifu alikwenda kanisani akiwa na nyumba. Aliporudi hakuwa nayo.

Alisimama palipokuwa na mlango, akautafuta mlango. Matope yalijaa hadi kiunoni. Bati jekundu lilikuwa limejiviringisha juu ya mparachichi kama leso iliyopeperushwa na upepo. Ng'ombe wake mwenye mimba alionekana pembe moja tu. Shamba lote lilikuwa mchanga mtupu, na huko juu ndiva imepasuka katikati kama kibuyu.

Hakulia. Alisema tu, "Lakini nilifunga."

"Umefunga nini, mwenzangu?" wakamuuliza wanakwaya wenzake.

"Mlango. Nilifunga." Na ufunguo huo hapo, ameukumbatia na kitabu cha nyimbo.

Kwamrindi wana sheria yao ya zamani. Aliyebomoa ndiva hunyang'anywa siku yake ya maji, akapewa aliyeharibikiwa. Kila nyumba ina siku moja, na siku haigawanywi, maana maji ya nusu siku hunywewa na mfereji kabla ya kufika shambani. Asiye na siku hana mahindi, na asiye na mahindi hufunga mizigo akahama. Tena mwenye kumtaja mbomoaji ni yule aliyeharibikiwa, mbele ya watu wote, na akishataja ndiyo imetoka. Namsifu angepata siku mbili za maji, angeuosha ule mchanga apande tena. Kwa siku moja, thubutu!

Jumatatu asubuhi watu wakakusanyika palepale kwenye matope. Mzee Sengasu, msimamizi wa ndiva, aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

Kajiru akaanza kabla hajaulizwa. "Mimi niliziba. Kuziba ndiyo kazi yangu, ama sivyo?"

"Uliziba mpaka pasipozibwa," akasema Sengasu.

Ni kweli. Kila ndiva huachiwa mdomo juu ya ukuta, maji yakizidi yamwagikie hapo. Kajiru alikuwa ameupandisha kwa udongo, kiganja kizima, ili isemwe ndiva ya Kajiru haipotezi tone. Jumamosi mvua ikapiga huko juu, maji yakakosa pa kutokea.

"Nakijwa, Jumamosi ulipita pale kukata majani ya ng'ombe. Hukusikia kitu?" Sengasu akauliza.

Nakijwa akainama. "Nilisikia. Ukuta ulikuwa unalia kwa ndani."

"Jamani! Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Fundi mwenyewe alinicheka msibani, mbele ya wakwe zangu, kwamba masikio yangu yanafaa kupepetea mchele. Nikasema moyoni, haya fundi, sikia mwenyewe."

Wanawake wakashika vichwa. Kuna mmoja alitaka kuucheka ule mchele. Akajifunika kanga usoni.

Mrindoko naye akaruka. "Mimi msiniguse! Niliukuta ukuta umevimba, nikalivuta lile gogo la Kajiru peke yangu, halitoki. Nikapiga pembe mpaka midomo ikapasuka. Tazameni! Watu ishirini wangeling'oa. Mlikuwa kanisani, mlisikia, hamkuja."

Walisikia, wote. Namsifu naye alikumbuka. Mchungaji alitazama dirishani, na katika kwaya mtu akanong'ona, "Mbuzi wa Mrindoko kazaa tena," benchi zima likatikisika. Maana Mrindoko alishapiga pembe ile mbuzi wake alipozaa mapacha, akaipiga tena shemeji yake alipokuja na pikipiki mpya. Watu walitupa majembe wakakimbia, wakamkuta ameshika mbavu kwa kucheka. Basi Jumapili ile nani aende? Namsifu mwenyewe alicheka hadi akapotea kwenye sauti ya pili, na dakika hizohizo nyumba yake ilikuwa inakwenda.

"Kajiru!" wakaanza kupaza sauti wengine. "Nakijwa, mwenye kinyongo!" "Huyohuyo wa pembe!"

Nakijwa akanyoosha kidole. "Kabla hamjanimaliza, tazameni lile figa."

Katika nyumba nzima kilichobaki kilikuwa jiko, mafiga matatu yaliyofukuliwa matopeni asubuhi ile. Moja lilikuwa bapa, upande mmoja laini kama sabuni iliyotumika. Jiwe la namna hiyo haliokotwi njiani. Hulainishwa na maji ya ndiva yanayopanda na kushuka, miaka na miaka.

"Namsifu," Sengasu akasema taratibu, "jiwe hili umelitoa wapi?"

Namsifu akalitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani kwake.

"Msaragambo wa mwezi wa tatu," akasema. "Chungu kikubwa kilikuwa kinayumba, watu wanakaribia kufika. Nikatoa moja chini ya ukuta wa ndiva. Moja tu, mzee. Nikaziba kwa udongo."

"Yesu wangu!"

"Na mlikula," Namsifu akasema. "Mlikula nyote mkaomba nyongeza."

Kajiru alitazama tumbo lake. Mzee Sengasu mwenyewe, aliyekula sahani tatu siku ile, alikohoa bila kikohozi.

"Sheria haijabadilika," akasema hatimaye. "Aliyeharibikiwa ndiye anayetaja. Taja jina moja."

Akimtaja Kajiru, ndiva itajengwa na nani? Akimtaja Nakijwa, kuna mama kipofu nyumbani kwake anayelishwa kwa shamba lile. Akimtaja Mrindoko, ndiye mtu pekee aliyelivuta gogo. Akijitaja mwenyewe, anapoteza hata hiyo siku yake moja, ashuke milima na kitabu cha nyimbo. Na akinyamaza, shamba linabaki mchanga, na mwakani hakuna chungu kitakachochemka kwake.

Namsifu akafumbua mdomo. Watu wote wakasogea karibu.

Basi mwacheni hapo alipo, amesimama kwenye matope, jina liko ulimini. Mmoja aliyafungia maji mlango kwa kupenda sifa, mmoja akalimeza neno kwa kinyongo, mmoja aliichezea pembe mpaka ikakosa kuaminiwa, na mmoja alichomoa jiwe ili watu washibe. Wala msijifanye waungwana mkasema wote wanne. Siku ni moja na haigawanywi. Haya, wewe uliyekaa hapo kimya, ungekuwa Namsifu ungemtaja nani?