Kitabu cha Mwanambuzi Aliyefiwa

Mtu mmoja wa milima ya Upare, mkulima wa tangawizi, alifiwa na mkewe akaachiwa binti mdogo ambaye bado hajaanza shule. Mtu huyo aliitwa Mrutu, na binti yake Namkunda. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa majirani, kama wanavyopelekwa watoto wote, asije akaona jeneza. Aliporudi na kuuliza mama yuko wapi, baba yake alimpa jibu ambalo wengi wetu tulipewa tukiwa wadogo: mama amesafiri.

Uongo ukishazaliwa hutaka kulishwa. Msafiri hutuma zawadi, basi kila Mrutu aliposhuka sokoni alirudi na kitu, mara pipi, mara viatu, akasema, mama yako amekutumia. Pasaka ilipofika alileta gauni jekundu lenye mkanda wa kufunga nyuma. Aliamini kwamba anampenda mwanawe, na kweli alimpenda. Tusimcheke, maana ni nani kati yetu hajawahi kufunika kidonda kwa kitambaa kizuri akajiona ameganga?

Namkunda alilichukua lile gauni akalitumbukiza chooni. Tangu hapo akawa anauma wenzake, anasukuma sahani ya chakula, na hasemi na mtu. Majirani wakasema ni jeuri, dawa yake fimbo. Mrutu hakumpiga, ila hofu ilimkaa moyoni, kwa kuwa mtoto alizidi kukonda mbele ya macho yake, naye hakuwa na mwingine. Huyu ni mtu ambaye akiona jani moja tu limegeuka njano shambani hufukua udongo mpaka aone kinachooza. Nyumbani kwake alifukia, akanunua pipi nyingine.

Ndipo akaja dada yake, Nakijwa, mwalimu wa chekechea, na kitabu cha picha mkobani. Kilikuwa kitabu chembamba, habari za mwanambuzi aliyefiwa na mama yake. Ukurasa mmoja mwanambuzi analia. Mwingine anaipiga teke ndoo kwa hasira, maji yanamwagika. Mwingine amejificha nyuma ya zizi, anaitwa na haitiki. Mrutu alikifunua, akakifunga upesi. Akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayetunga kitabu cha kuwaliza watoto, ilhali kazi ya kitabu cha mtoto ni kumchekesha. Akakitupia juu ya kabati.

Nakijwa hakubishana naye. Alikiteremsha, akakipangusa, akamrudishia mkononi. "Kaka, huyu mtoto analia kila siku, ila analia kwa ndani. Msomee wewe. Mimi naenda kuteka maji."

Mrutu akasoma, shingo upande, kama anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji. Mtoto alikuwa ameketi mlangoni, amempa mgongo. Baadaye akageuka. Baadaye akasogea, mpaka kichwa chake kikaegemea mkono wa baba yake. Walipofika kwenye ndoo iliyopigwa teke, Namkunda aliubana ukurasa kwa kiganja, usifunuliwe. Akamtazama sana yule mwanambuzi. Kisha akauliza:

"Na yeye alimwaga maziwa, mama yake akamkimbia?"

Mrutu akakumbuka. Asubuhi ile mkewe alipopelekwa hospitali, mtoto alikuwa amemwaga maziwa, akakaripiwa na mama yake, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Kumbe wakati wote huu Namkunda aliamini kwamba mama yake yuko mahali, mzima, ana nguvu za kuchagua viatu na gauni, ila kurudi hataki, kwa sababu ya maziwa. Kila zawadi aliyoletewa ilimzidishia hatia. Mrutu aliona uchungu ambao hata kaburini hakuuona.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mama hakukukimbia. Mama aliugua, akafa. Hawezi kurudi, na wewe huna kosa."

Mtoto akalia kwa sauti. Na Mrutu, ambaye tangu msiba alikuwa akijifuta machozi shambani asionekane, akalia naye pale pale. Nakijwa aliporudi na maji aliwakuta hivyo, wala hakuwaambia wanyamaze. Walipotulia, Namkunda alitaka kitabu kisomwe tena tangu mwanzo, kikasomwa, kisha akaomba ugali. Kesho yake baba yake alimshika mkono akampeleka kaburini, akayajibu maswali yake yote, na aliyoshindwa kuyajibu akasema sijui.

Nanyi mnaosema mtoto mdogo hajui kitu, mmeshamuuliza anachojua?