Aliyemwangusha Bi Kabula

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusemezana bali zamani ya juzi tu, watu walipokwisha kujua kuchemsha maji kwa jiwe, palikuwa na mji kando ya ziwa ukiitwa Lusenyi. Katika mji huo palijengwa kinu cha nyuklia. Kinu kikatoa umeme, umeme ukawasha taa, ukasaga mahindi, ukasukuma maji mpaka kwenye mabomba ya uani, na watu wa Lusenyi wakaisahau njia ya kisimani. Nyasi zikaota pale ambapo zamani visigino vilipita.

Hapo ndipo alipoishi Nyamizi, fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti yote mazuri ya Lusenyi yalitoka mikononi mwake. Aliishi na mama yake, Bi Kabula, mjane mwenye miguu myepesi na ulimi usiopumzika.

Basi asubuhi moja king'ora cha kinu kikalia. Mvuke mweupe ukaruka juu ya paa la kinu, ukinguruma kama mawe yanayomwagwa. Redio ya mji ikapaza sauti: "Kinu kimepasuka! Okoeni roho zenu!" Watu wakatoka mbio. Walikimbilia darajani, na daraja la Lusenyi ni jembamba, na pale darajani Bi Kabula akasukumwa, akaanguka, nyonga ikavunjika.

Kumbe kinu hakikupasuka. Wapimaji walipita na vipimo vyao nyumba kwa nyumba. Wakapima hewa, wakapima maziwa, wakapima mpaka mchicha wa bustanini. Hawakukuta sumu. Kitu pekee kilichovunjika Lusenyi siku ile kilikuwa nyonga ya Bi Kabula.

Sasa, watu wa Lusenyi wana desturi yao. Aliyemwangusha mwenzake humtekea maji mpaka ainuke. Hatoi fidia, hatoi mbuzi. Anashika ndoo, basi. Na siku zile maji yalikuwa kazi kweli, kwa sababu kinu kilikuwa kimezimwa ili kikaguliwe, umeme hakuna, bomba kavu, na kisima kiko ng'ambo ya kilima. Nyamizi akawa anapanda kilima, anashuka kilima, anamwogesha mama, anampikia mama, na vyuma vya watu vimelala karakanani vinaota kutu. Akasubiri aliyemwangusha mama yake aje. Hakuja mtu. Akasubiri tena. Hakuja mtu. Nyamizi akavua glavu zake za kazi, akazitupa chini, akasema, "Haya. Kama haji, nitamfuata."

Akaenda sokoni kwa Malongo, mbeba mizigo, kwa kuwa wengi walimwona darajani.

"Kaka Malongo, wewe ndiye uliyemsukuma mama yangu."

Malongo hakukana. Akatua gunia lake. "Ni mimi, dada. Lakini nilikuwa na binti yangu mgongoni, nyuma yangu kuna watu kama mafuriko. Ningesimama, tungekanyagwa wote watatu. Ungekuwa wewe, ungesimama?"

Nyamizi hakujua kama angesimama.

"Tena sikukimbia kwa kupenda," akasema Malongo. "Nilikimbizwa. Mwulize aliyenikimbiza. Mwulize Tungaraza wa redio."

Nyamizi akashusha pumzi, akaenda kwa Tungaraza, mtangazaji.

"Tungaraza, wewe ndiye uliyetukimbiza."

"Ni mimi," akasema Tungaraza, "na ningefanya vilevile kesho. Kaa, dada."

"Sikai."

"Nilisikia king'ora. Nikachungulia dirishani, nikaona lile wingu linapanda. Nikapiga simu kinuni, ikalia bila kupokewa. Nikapiga tena, ikalia bila kupokewa. Sasa nifanye nini? Ningenyamaza, na ingekuwa sumu kweli, leo usingekuja kuniuliza habari za nyonga. Ungekuja kuniuliza habari za makaburi."

"Ungesema tu kwamba hujui! Ungesema, jamani, kaeni ndani, fungeni madirisha, tunauliza. Si ndivyo tulivyofundishwa kwenye mazoezi ya dharura?"

"Redio inayosema haijui, nani ataisikiliza?"

"Na redio inayosema uongo je?"

Tungaraza akainua mikono. "Mwulize aliyeacha simu ilie. Mwulize Koku wa kinuni."

Nyamizi akashusha pumzi nyingine, nzito kuliko ya kwanza, akaenda kinuni. Koku alikuwa mhandisi, msichana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Asubuhi ile yeye ndiye aliyekuwa kwenye chumba cha mitambo.

"Koku, wewe ndiye uliyeacha simu ilie."

"Ni mimi, dada Nyamizi. Lakini naomba kwanza uelewe kinu kinavyofanya kazi."

"Sikuja darasani, mdogo wangu. Nimekuja kwa sababu ya nyonga."

"Huwezi kuielewa nyonga bila kukielewa kinu," akasema Koku, na Nyamizi akatazama dari kama mtu anayeomba subira kutoka huko. "Ndani mle mna urani, ni madini. Kiini chake kikigongwa na kijichembe kidogo kisichoonekana, kinapasuka. Kikipasuka kinatoa joto, na kinatoa vijichembe vingine, navyo vinakwenda kugonga viini vingine. Joto juu ya joto. Joto lile linachemsha maji, mvuke unazungusha gurudumu, gurudumu linatoa umeme. Huo ndio umeme unaochomelea mageti yako."

"Naam. Na mama yangu?"

"Nakuja. Tukitaka kuzima, tunateremsha fito zinazovimeza vile vijichembe. Kupasuka kunakoma palepale. Lakini joto halikomi palepale! Umeshawahi kuondoa kuni chini ya chungu cha maharage, chungu kikaendelea kutokota? Kinu ndivyo kilivyo, ila kinatokota kwa siku nyingi. Kikikosa maji ya kukipoza, kinajiyeyusha chenyewe, na hapo ndipo sumu hutoka. Sasa siku ile gugu maji liliziba mlango wa maji ya ziwa. Nikateremsha fito. Nikawasha jenereta na pampu za akiba. Nikafungua mvuke utoke juu. Ule mvuke ulikuwa safi, dada, haujagusa urani hata kidogo. Mwenzangu alikuwa nje anapambana na magugu. Simu inalia huku, pampu moja inagoma huku. Ama niseme na ninyi, ama niseme na pampu."

"Kanuni yenu inasemaje?"

Koku akainamisha kichwa. "Inasema mji uambiwe kabla mvuke haujafunguliwa."

"Hukutuambia."

"Sikuwaambia. Nilichagua pampu. Kama ningechagua simu, na pampu ikafa, leo Lusenyi isingekuwapo ya kukaliwa." Kisha akasema polepole, "Lakini mwulize aliyeacha magugu yafike mlangoni. Mwulize Mzee Masatu."

Nyamizi hakushusha pumzi safari hii. Hakuwa nayo tena. Akaingia ofisi ya pili bila kubisha hodi. Ila adabu ni adabu, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti." Mzee Masatu ndiye aliyekuwa mkuu wa kinu.

"Wewe ndiye uliyeacha magugu yazibe mlango."

"Ni mimi," akasema Masatu, na Nyamizi nusura acheke, kwa kuwa watu wote walikiri na hapakuwa na mwenye kosa. "Nilipanga kuzima kinu tusafishe wavu unaozuia magugu kwenye mlango wa maji. Nikatangaza. Mkaja hapa getini na masufuria mkiyagonga! Wenye mashine za kusaga wakaja, wenye majokofu ya samaki wakaja, wazazi wakaja, watoto wana mitihani. Mkasema, mzee, ahirisha. Nikaahirisha. Wewe binti hukuwapo?"

"Mimi sikuja."

"Majirani zako walikuja. Mkuu afanye nini, awazimie watu taa kwa nguvu?"

"Ndiyo!" Nyamizi akapiga meza. "Ndiyo, mzee! Ndiyo maana tulikupa kiti! Sisi hatujui wavu, hatujui gugu. Wewe unajua!"

Akatoka. Akapita kwa mwenyekiti wa mji, akamwambia, "Itisha baraza. Nikienda kwa mtu mmoja zaidi nitachomelea midomo ya watu."

Baraza likakaa mchana katika ukumbi wa shule. Bi Kabula akaletwa na kitanda chake. Nyamizi akaweka ndoo tupu mbili katikati ya ukumbi.

Wakasimama mmoja mmoja. Malongo akasema, "Mimi nilisukuma, lakini nilimwokoa mtoto." Tungaraza akasema, "Mimi nilipiga kelele, lakini nilitaka kuokoa mji." Koku akasema, "Mimi nilinyamaza, lakini niliuokoa mji." Mzee Masatu akasema, "Mimi niliahirisha, lakini ni ninyi mlionituma."

Watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema kinu kivunjwe, turudi kwenye mkaa. Mwingine akamuuliza mkaa huo atautoa msitu gani, miti imebaki makaburini tu. Mzee Masatu akaona ni nafasi yake. Akasema, "Ndugu zangu, kinu hakina moshi, na jiwe la kujaa kiganja linafanya kazi ya malori ya mkaa. Tunataka kujenga kinu cha pili, kipya, kinachojipoza chenyewe hata pampu zikifa. Umeme utafika mpaka vijiji vya ng'ambo."

"Na majivu yake?" akauliza mama mmoja. "Hiyo urani ikishachoka, mnaipeleka wapi?"

"Inakaa majini mpaka ipoe, kisha itafukiwa ndani kabisa ya mwamba. Itahitaji kulindwa muda mrefu. Vizazi na vizazi."

"Na nani?"

"Na sisi sote," akasema Masatu.

Hapo Nyamizi akasimama. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Sisi sote! Mzee, hapa kuna ndoo. Haina mionzi, haina sumu, ni plastiki. Kwa siku zote hizi sisi sote tumeshindwa kuijaza. Mnataka kulinda majivu mpaka kwa wajukuu wa wajukuu wenu, na ndoo ya leo haina mwenyewe?"

Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Basi na washike zamu, wote wanne."

Watu wakaitikia kwa furaha, wakidhani yamekwisha. Lakini Bi Kabula akainua mkono kutoka kitandani.

"Sitaki zamu," akasema. "Nawajua. Leo Malongo atasema ni zamu ya Tungaraza. Tungaraza atasema ni zamu ya Koku. Koku atakuwa na pampu zake, na Masatu ataahirisha. Nami nitakufa kwa kiu nikiwa na watumishi wanne. Desturi inasema aliyemwangusha, haisemi waliomwangusha. Nataka mmoja. Nijue jina la kuliita nikiona mtungi mkavu."

"Mama, mmoja ni yupi?" akauliza mwenyekiti.

"Mimi nilikuwa chini, uso kwenye mbao za daraja. Nitajuaje? Semeni ninyi mliokuwa mmesimama."

Malongo akamtazama Tungaraza. Tungaraza akamtazama Koku. Koku akamtazama Masatu. Masatu akawatazama watu wote waliogonga masufuria, nao wakatazama viatu vyao.

Nyamizi akachukua ndoo moja, akaacha moja. "Mama ana kiu," akasema. "Nakwenda kisimani. Nikirudi, nataka nimkute mtu mmoja ameishika hiyo iliyobaki. Mmoja tu. Nisimkute, vyuma vyenu vitaoza karakanani, na mageti yenu chomeleeni wenyewe."

Akatoka, akashika njia ya kilima.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msiniambie wote, kwa maana Bi Kabula amekataa wote. Yuko aliyesukuma, yuko aliyepiga kelele, yuko aliyenyamaza, yuko aliyeahirisha. Nyamizi amekwisha kujaza ndoo yake, anashuka kilima, maji yanamwagikia begani. Je, ni nani aliyestahili kuishika ile ya pili?